Kila Ijumaa Ilikuwa ya Kijani

Harufu ya kalamu ya ubao mweupe hunichefua hadi leo. Nikiinusa kliniki, au shuleni kwa wajukuu siku ya kukutana na walimu, natafuta kiti cha karibu na mlango. Wenzangu wa umri huu wanalalamikia magoti na sukari. Mimi nalalamikia kalamu, na sijawahi kumweleza mtu sababu yake ikakamilika, kwa kuwa sababu yenyewe inanichafua mimi kuliko inavyowachafua wale ninaowachukia.

Nilifika Sydney nikiwa mtu mzima mwenye mke na watoto, kutoka Tanga, na cheti cha kidato cha nne ambacho hapa hakikumshughulisha mtu. Kwa miaka mingi nilikuwa karani wa geti kwenye yadi ya makontena karibu na bandari ya Port Botany. Lori likija, namuuliza dereva namba ya kontena analolifuata, natazama kwenye kadi zangu limelazwa safu ipi, namwelekeza. Ilikuwa kazi ya vumbi na makelele, lakini haikuwa na uongo ndani yake. Kontena ama lipo pale ulipomwambia dereva, ama halipo, na kama halipo dereva anarudi kukutukana akiwa bado hajazima injini.

Katikati ya miaka ya tisini kadi zikaanza kuondoka na kompyuta zikaingia. Kampuni moja iliyotengeneza programu za yadi kama yetu ilitaka mtu anayeijua kazi ya geti, akae na kuzijaribu programu hizo kabla hazijafika kwa mteja. Wakanichukua mimi. Nikanunua mashati ya mikono mirefu, mke wangu akanipigia pasi tai ya kwanza maishani mwangu, nikaanza kukaa kwenye kiti cha magurudumu.

Kazi yenyewe ilikuwa kujifanya karani. Naingiza namba ya lori, naingiza namba ya kontena, natazama programu inajibu nini. Ikijibu sawa, naandika imepita. Ikijibu ovyo au ikiganda, naandika imeanguka, na vijana walioiandika wanaitengeneza. Baada ya muda nikafanywa mkubwa wa wajaribu wenzangu wawili. Sikuwa hodari kuwashinda. Nilikuwa nimekaa pale siku nyingi na sikuwa nimemuudhi mtu, na katika ofisi ile sifa hizo mbili zilitosha.

Shida yetu ilikuwa kwamba matokeo hayakutulia. Programu ile ile, bila mtu kuigusa, Jumatatu inapita kila jaribio, Jumanne inaanguka njiani, Jumatano inapita tena. Mmoja wetu akisema nzima, mwingine anasema mbovu, na wote wawili wanasema kweli. Wakubwa waliokuwa katikati ya jiji, kwenye jengo refu la vioo, walichoka. Walikuwa wanamwahidi mteja tarehe, kisha tarehe inapita na sisi bado tunabishana. Basi wakatuletea meneja mpya, na meneja akatuletea ubao.

Sitasema alikuwa mtu mbaya. Ningekuwa na ahueni kama angekuwa mbaya. Alikuwa mchangamfu, anaulizia watoto, viatu vyake havijawahi kukanyaga yadi hata siku moja. Alitwambia kwamba wakubwa hawataki miujiza, wanataka kujua kitakachotokea kabla hakijatokea. Kwa hiyo kila Jumatatu tutabiri majaribio mangapi yatapita wiki hiyo, na Ijumaa tuone. Utabiri ukilingana na matokeo, wiki inapakwa kijani ubaoni. Usipolingana, nyekundu. Wiki ya kijani kuna keki.

Nataka mtu aelewe jinsi jambo lile lilivyooza, maana halikuoza siku moja. Mwanzo tulitabiri kwa uaminifu na tukapata nyekundu mfululizo, na meneja akawa anatutazama kama watoto waliokojoa kitandani. Kisha mmoja wetu akagundua kwamba ukiizima mashine na kuiwasha upya kabla ya kila jaribio, mambo mengi yanapita. Tukawa tunazima na kuwasha. Mwingine akawa na lori lake moja na kontena lake moja, namba anazozijua kwa moyo, ambazo hazijawahi kumwangusha, akawa anaingiza hizo hizo kila siku. Tukamwiga. Na kama tumetabiri kasoro chache, na hizo zimeshapatikana kufikia Jumatano, tuliacha kutafuta. Tukikutana na kasoro ya ziada kwa bahati mbaya tuliiweka kando, tuitoe wiki ile ambayo kasoro zitapungua. Tuliziweka akiba, kama mama anavyoficha sukari.

Ubao ukawa kijani. Kila Ijumaa, kijani. Meneja alikuwa anaupaka mwenyewe, taratibu, kalamu ikilia, huku krimu ya keki ikiwa bado kwenye vidole vyake. Alikuwa na tabia ya kulamba dole gumba kabla ya kuishika kalamu. Ile harufu kali ya wino, sukari, zulia bichi la ofisi isiyofunguliwa madirisha, na watu wazima wanapiga makofi. Mkutano uliwekwa saa ya swala ya Ijumaa, nami sikuomba usogezwe. Nilikosa swala kwa ajili ya keki ambayo hata sikuwa na hakika krimu yake imetengenezwa na nini. Niliila.

Hapo katika mikutano ile ndipo desturi ya kwetu ilipotumika vibaya, na aliyeitumia ni mimi. Tanga mtu akikuuliza habari za nyumbani, jibu ni nzuri. Hata kama umekesha na mgonjwa, jibu ni nzuri. Mkishamaliza, mkakaa, mkatazamana, ndipo unasema: ila mama hawezi. Habari yenyewe inakaa baada ya ila, na aliyeuliza anajua hivyo, kwa hiyo haondoki. Meneja naye alizunguka meza akiuliza kila mmoja kazi inakwendaje. Nilipojibu nzuri, mara ya kwanza, kwa nia safi kabisa, nilikuwa bado natafuta maneno ya kuleta ila yangu. Yeye alikwisha kugeuka na kufungua kalamu.

Mara ya kwanza nilishangaa. Mara ya pili nilijua. Baada ya hapo nilikuwa nasema nzuri nikijua vizuri kwamba hakuna atakayesubiri, na kwamba dhamiri yangu inaweza kujidanganya kuwa nilikusudia kuendelea.

Mwaka uliofuata wakamwajiri dada mmoja Mkenya, mtu wa Nakuru, aliyesoma mambo ya kompyuta chuoni Nairobi. Hapa Sydney alikuwa akiogesha wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia, kwa kuwa hakuna aliyeamini chuo chake. Sisi tulimchukua kwa majaribio. Akimaliza muda wa majaribio, kampuni ingempa kazi ya kudumu na kumdhamini kwa viza, na akipata viza angemleta binti yake mdogo aliyemwacha kwa mama yake. Alinieleza hayo siku za mwanzo, tukiwa kwenye treni ya kurudi Merrylands, ambako sote tuliishi. Alisema akipiga simu Jumapili mtoto anaongea vizuri, lakini ameanza kumwita bibi yake mama, na yeye mwenyewe anamwita kwa jina kama jirani. Alilisema bila kulia. Nilimwambia asijali, kazi ataipata, mimi nipo.

Dada huyo nilimwita binti. Yeye aliniita Mzee, na alinitania tangu siku ya kwanza. Nikifika ofisini, namuulizia alivyoamka, na nyumbani, na wenzake anaokaa nao, na safari ya asubuhi, naye anaweka kalamu chini na kunisubiri kama mtu anayesubiri treni ya mizigo ipite.

"Nyinyi watu wa pwani," aliniambia, "mtu anaweza kukata roho mkiwa bado kwa salamu."

"Na nyinyi wa bara mnaanza kulia kabla ya kupiga hodi," nikamjibu, tukacheka, na vijana wa meza ya pili wakauliza kwa Kiingereza tunacheka nini.

Hakupenda kuzima mashine. Alisema yadi haizimi mashine kila lori likiingia, kwa nini sisi tuzime? Akaiacha mashine yake ikiwaka kutwa na kuingiza malori kama yanavyokuja siku ya kazi, moja baada ya jingine, ya kila aina, madereva wengine wamekosea namba, wengine wamekuja kabla ya zamu yao. Kufikia alasiri, malori yakishakuwa mengi, programu ilianza kuchanganya. Ilimpa dereva huyu nafasi ya kontena la yule, kwa utulivu kabisa, bila kuganda, bila kuonyesha dalili yoyote. Mtu asiyeijua yadi angesema imejibu vizuri.

Lakini hilo halikumtosha. Alitaka kujua kwa nini sisi wengine hatulioni. Akatutazama tunavyofanya kazi kwa siku kadhaa, kisha akanieleza kwa mfano wa jikoni, nami sikuusahau. Kila mmoja wetu, alisema, anapikia kwenye sufuria ya jana bila kuiosha. Malori ya jana bado yako ndani ya mashine, na ya juzi, na masalio ya kila mtu ni tofauti. Wewe jana ulikaanga dagaa, huyu alichemsha maziwa, leo wote mnapika chai na kushangaa kwa nini chai hazifanani. Sufuria ioshwe kila asubuhi. Sote tuweke malori yale yale, kwa mpangilio ule ule. Na kabla ya kubonyeza, kila mtu aandike jibu analolitarajia, ili asije akaliona jibu la mashine na kujishawishi kwamba ndilo alilokuwa akilingoja.

Nilimruhusu tujaribu. Tukaosha sufuria. Tukaingiza malori yale yale, sisi wote, kila mmoja kwenye mashine yake, bila kuzima. Mimi nilichagua malori yenyewe kutokana na nilivyoikumbuka Jumatatu ya yadi, siku ambayo kila mtu anataka mzigo wake. Asubuhi matokeo yetu yalifanana yote, na yote yalipita. Alasiri yalifanana tena, na yote yalianguka, lori lile lile, kosa lile lile. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu hatukuwa na haja hata ya kutazama.

Alizungusha kiti chake akanigeukia. "Si mlitaka kitu ya kutabirika, Mzee? Hiyo hapo. Kesho itaanguka saa zile zile, hata ukiwa umelala."

Nilimwelewa. Nataka hilo lisimame peke yake, kwa sababu baadaye katika maisha nimewahi kujitetea moyoni kwamba mimi ni mtu wa kidato cha nne na mambo yale yalinizidi. Hayakunizidi. Nilikuwa karani wa geti. Niliona kwa macho yangu malori yakitoka na mizigo isiyo yao. Niliona pia kitu kingine, nacho kilinitia baridi. Meneja hakuwa akitaka matokeo yanayotabirika. Alitaka matokeo mazuri yanayotabirika, na sisi tulikuwa tumempikia hayo kwa mwaka mzima.

Ijumaa ile binti alitaka kusimama aseme. Nikamzuia. Nikamwambia kwamba jambo kubwa halianzwi mbele za watu, mkubwa anaweza kuona ameumbuliwa, na akishaona hivyo atalikataa hata kama ni kweli. Nitajibu nzuri kama kawaida, kisha nitamfuata meneja pembeni na kumpa habari yote. Hivyo ndivyo watu wanavyofanya.

"Na asipokuwa na pembeni?" aliuliza.

"Kila mtu ana pembeni," nikasema.

Akakubali, kwa kuwa nilikuwa mzee wake pale. Sina hakika angekubali kwa mwingine yeyote.

Mkutanoni nilisema nzuri. Kijani kikapakwa, keki ikakatwa. Nilimfuata meneja kwenye ukumbi wa lifti. Alikuwa ameshika funguo za gari na koti lake. Nikaanza kusema kuna jambo kuhusu alasiri, malori yakizidi. Alinipiga bega akasema ni vizuri, tuliweke kwenye utabiri wa wiki ijayo. Lifti ikafunguka. Ningeweza kuingia naye. Ilikuwa na nafasi ya kutosha. Nilibaki nimesimama nikiwa nimeshika kisahani cha keki, milango ikajifunga, na jambo la kwanza nililolihisi, kusema kweli, lilikuwa nafuu.

Wiki iliyofuata binti hakuniuliza tena. Meneja alipozunguka meza na kumfikia, akasimama. Alisema kwa Kiingereza chake kilichonyooka kwamba programu inachanganya malori kila alasiri, kwamba tumeijaribu mara nyingi na haijakosa kukosea, kwamba wiki zote za kijani zilizoko ubaoni zimepatikana kwa kuzima mashine na kuingiza lori moja. Hakupaza sauti. Alieleza na namna ya kuosha sufuria, ingawa hakuiita hivyo. Wale wenzangu wawili waliangalia meza. Mmoja alikuwa na krimu mdomoni na hakuipangusa.

Meneja hakumjibu yeye. Aligeuka kwangu, kwa uso ule ule wa kuulizia watoto.

"Ni kweli?" akauliza.

Nikasema, "Bado mgeni. Tutaangalia."

Maneno hayo tu. Nimeyageuza kwa miaka mingi nikitafuta upande wake mzuri, na hayana. Hata kama ni uongo, si uongo hasa: alikuwa mgeni, na tungeangalia. Ndiyo maana yananitapisha. Uongo mzima mtu anaweza kuutubia na kuuacha. Ile ilikuwa nusu nusu, iliyopigwa pasi, iliyovaa tai.

Alikaa. Kwenye treni jioni ile binti alikaa behewa jingine.

Siku chache baadaye meneja aliniita chumbani kwake, akafunga mlango, akaniuliza kuhusu yule dada, maana muda wake wa majaribio unakwisha. Alisema anamheshimu, ana akili, lakini anasumbua mwendo wa timu. Mtu hawezi kujua Ijumaa atasema nini. Neno alilolitumia lilikuwa kwamba hatabiriki. Kisha akanyamaza na kunipa nafasi. Safari hii alisubiri. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa amekaa, hana funguo mkononi, anangoja ila yangu kama mtu wa Tanga.

Nilimkumbuka mtoto wa Nakuru. Sitasema nilimsahau. Nilimkumbuka, na nikakumbuka pia mkopo wa nyumba, na umri wangu, na jinsi geti lilivyokuwa na upepo wa baridi mwezi wa saba. Nikasema ni mchapakazi, ila ana haraka.

Aliandika. Alinishukuru kwa kuwa mkweli.

Ijumaa iliyofuata binti alikabidhi kitambulisho chake cha mlangoni. Aliwaaga wote kwa mikono, na mimi pia, na mkono wake haukuwa mlegevu wala haukunibana. Ulikuwa mkono wa mtu anayemaliza shughuli. Baada ya hapo tukala keki. Wiki ilikuwa ya kijani.

Programu ilipelekwa yadini majira ya baridi. Haikuchukua siku kuonyesha ilichokuwa nacho. Alasiri ya Jumatatu ya kwanza malori yalianza kutumwa kwenye safu zisizo zao, madereva wakarudi getini wakitukana, makarani wakaingiza namba upya na kuzidisha mchanganyiko, na foleni ikatoka nje ya geti mpaka barabara kubwa. Dereva mmoja aliondoka na kontena la samaki waliogandishwa akidhani ni vigae. Lilikaa nyuma ya duka la vigae bila umeme mpaka majirani walipolalamika. Nilitumwa kwenda kuangalia, kwa kuwa mimi nilikuwa mtu wa yadi. Walipofungua milango harufu ilitoka kama mtu anayekusukuma kifuani. Maji meusi yalitiririka kwenye saruji. Nikasimama pale na viatu vyangu vya ofisi, na wazo lililonijia ni kwamba hii angalau inanuka kama kilichomo.

Ofisini hakuna aliyefukuzwa. Meneja aliitisha mkutano, si wa keki, akasema tumekutana na jambo ambalo hakuna aliyeweza kulitabiri. Alilisema mbele ya ubao wake wa kijani. Nilitazama wenzangu wawili, nao wakanitazama, na sote watatu tukaafiki kwa vichwa.

Kisha aliuliza nani ana wazo. Nikalitoa. Nilisema tuoshe kila asubuhi yaliyobaki ya jana, tuingize malori yale yale, tuandike jibu kabla ya kubonyeza, tusizime. Nililieleza vizuri, kwa kuwa nilifundishwa vizuri. Tukaanza kufanya hivyo, na kwa mara ya kwanza tulijua Jumatatu kitakachotokea Ijumaa bila kumdanganya mtu. Tukisema itaanguka, ilianguka. Ikitengenezwa, ilipita, na ikapita kwa kila mtu. Wakubwa wa jengo la vioo walifurahi. Meneja akaenda kuwaeleza, akarudi akasema wameuliza nani aliyebuni njia hii.

"Timu," nikasema.

Niliongezwa cheo. Nyumbani mke wangu alipika pilau, akawaita majirani. Watoto walinipongeza kwa Kiingereza. Nilikula tonge mbili nikaenda chooni, nikakaa humo mpaka wageni walipoanza kuulizia.

Siku zile nilijaribu kurudisha kilichowezekana. Nilimwendea meneja, safari hii nikaingia naye kwenye lifti, nikamwambia njia ile ni ya yule dada na kwamba tumrudishe. Hakukasirika. Alisema amefurahi kusikia, ni jambo la kuvutia, lakini nafasi ilikwisha kujazwa na taratibu za udhamini haziwezi kurudi nyuma. Lifti ilifika chini akaniulizia watoto.

Jumamosi nikaenda kwa yule dada. Alikuwa akiishi na Wakenya wenzake kwenye ghorofa moja ya matofali mekundu nyuma ya maduka ya Merrylands. Mlango ulikuwa wazi. Sebuleni kulikuwa na masanduku mawili na mfuko mkubwa wa turubai, naye alikuwa amepiga magoti akiufunga kwa kamba. Viza ilikuwa imeisha muda, alikuwa anaondoka. Hakushtuka kuniona. Alinivutia kiti, akaniuliza kama nitakunywa chai, nikasema hapana.

Nilimweleza yote bila kuanza na salamu. Nilimwambia niliyoyasema kwa meneja chumbani, neno kwa neno, na habari ya foleni, na ya samaki, na kwamba njia yake inatumika na ni mimi niliyesifiwa. Nikamwambia naweza kumwandikia barua ya kumsifu, popote atakapotaka kupeleka. Alinisikiliza huku akivuta kamba. Kwenye barua alitikisa kichwa.

"Wataniuliza, huyu ndiye alisema una haraka? Wacha tu, Mzee."

Akafunga fundo, akalijaribu kwa mguu. Kisha akakaa juu ya sanduku, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu ile Ijumaa aliposimama.

"Nikuulize kitu moja. Ile siku alikugeukia, ungesema ni kweli, wangekufuta kazi?"

Nilifikiria. Nilitaka sana jibu liwe ndiyo. Nilipitia kila nilichokijua kuhusu ofisi ile, meneja, wakubwa wa jiji, miaka niliyokuwa nayo pale, na kwamba hakuna mwingine aliyejua geti.

"Hapana," nikasema. "Wangenuna mpaka Jumatatu."

Nje gari lilipiga honi, lile la kumpeleka uwanja wa ndege. Aliinuka, akashika upande mmoja wa mfuko wa turubai, akanionyesha kwa kidevu nishike upande wa pili, na tukaushusha ngazi polepole, yeye akiwa mbele, kwa sababu ulikuwa mzito na kona za ngazi zile zilikuwa nyembamba.